Majani ya sura mbili, mmea mmoja

Ndugu uliyeuliza kama hiyo mimea ya majini uliyoikuta Ziwa Naivasha, yenye majani membamba na mapana, ni aina mbili: ni mmoja tu. Vuta shina zima taratibu kutoka kwenye tope, usichume juu juu, utaona mwenyewe. Chini majani ni membamba kama uzi, yanapepea na maji. Juu ni mapana kidogo, yanang'aa kama yamepakwa nta, yanaelea. Hiyo ndiyo Potamogeton octandrus. (Si gugu maji, lile lenye maua ya zambarau.)

Jenasi hii ya Potamogeton, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, hubadili umbo kufuatana na kina, mwanga na mkondo, ndiyo maana wataalamu wa zamani waliibandika spishi moja majina chungu nzima. Machotara, yaani mimea iliyozaliwa na spishi mbili tofauti, nayo huvuruga zaidi: hufanana na wazazi wote wawili, mara nyingi hayatoi mbegu, lakini huenea kwa vipande vya shina.

Kwa hiyo upana wa jani usikudanganye. Mimi hutazama stipula, kile kigozi chembamba pale jani linapotokea kwenye shina. Kwa Potamogeton schweinfurthii, yenye majani marefu ambayo kwa kawaida yote yamezama, kigozi hicho kimejitenga na jani. Ukivuta jani kikachomoka nalo kama ala ya kisu, basi umeshika Stuckenia pectinata. Linnaeus aliiita Potamogeton pectinatus mwaka 1753, na vitabu vingi bado vina jina hilo, kwa hiyo ukikutana na majina yote mawili usidhani ni mimea tofauti.