Maswali ya Wasomaji: Salsa na Ratiba ya Chuo

SWALI: Niko mwaka wa pili wa uhandisi, Nairobi. Jumatatu hadi Alhamisi maabara hutushika hadi jioni. Nataka kuanza salsa, ila madarasa niliyoona yanadai nilipie wiki nane kwa mkupuo. Nifanyeje?

JIBU: Usilipe bado. Kozi ya wiki nane inamfaa mwenye jioni moja ya uhakika kila wiki, na wewe majaribio ya katikati ya muhula yatakunyang'anya mbili au tatu. Somo la nne hujengwa juu ya la tatu; ukilikosa hilo, unaporudi wenzako wanazunguka nawe unasimama kando.

Tafuta usiku wa salsa. Kumbi nyingi huanza na somo la wanaoanza, la saa moja hivi, kisha muziki unafunguliwa kwa wote, na mara nyingi kiingilio ni kimoja. Piga simu kwanza, uulize kama wanapokea malipo ya somo mojamoja, kama wachezaji hubadilishana wenzi darasani (ukicheza na rafiki yako tu utazoea makosa yake), na somo linaisha saa ngapi. La mwisho hilo wengi hulisahau, wakaja kulikumbuka matatu zimeadimika na geti la hosteli limefungwa.

Uliza pia mtindo. Mtindo wa Cuba, uitwao casino, wachezaji huzungukana. Ule wa Los Angeles huenda kwenye mstari na kuvunja hatua, yaani kubadili mwelekeo wa mguu, kwenye pigo la moja. Ule wa New York huvunja kwenye mbili. Chagua unaochezwa huko utakakokwenda kucheza, ushikamane nao miezi miwili ya kwanza.

Mazoezi ya dakika kumi chumbani, siku nne kwa wiki, yatakufaa kuliko saa mbili za Jumamosi moja.

SWALI: Nimekulia kwenye rumba ya Kongo na sikio ninalo. Mbona kwenye salsa nawahi kila mara?

JIBU: Sikio lako halikosei. Santuri za Cuba zilikuwa zikisikilizwa Kongo tangu miaka ya 1930, na rumba ile ilikua kwa kuzisikia. Tatizo ni mguu. Salsa huhesabiwa hadi nane, nawe unakanyaga sita tu: moja, mbili, tatu, kimya; tano, sita, saba, kimya. Anayewahi huwa amekanyaga kwenye nne.

Kwa mtindo wa kuvunja kwenye moja, anayeongoza hupeleka mguu wa kushoto mbele (moja), anarudisha uzito kulia (mbili), anarudisha kushoto katikati (tatu), anatulia. Kisha kulia nyuma (tano), uzito kushoto (sita), kulia katikati (saba), anatulia. Anayefuata huanza na kulia nyuma.

Kutulia si kuganda. Kwenye nne, uzito unamalizikia juu ya mguu uliokanyaga tatu. Ukiuacha nusu huku nusu kule, tano inapofika hujui mguu upi uko huru, na hapo ndipo unapowahi. Jipime: baada ya tatu, inua mguu mwingine. Ukiyumba, uzito haujahama.

Fupisha hatua pia, isizidi urefu wa unyayo wako. Hatua ndefu haiwahi kurudi muziki unapokwenda kasi. Nyonga ziache, goti likikunjwa na uzito ukihama sawasawa, zitacheza zenyewe.

SWALI: Dodoma sijapata mwalimu. Video zinatosha?

JIBU: Kwa hatua za msingi, ndiyo. Chagua video inayomwonyesha mwalimu kwa mgongo, maana akikutazama kushoto kwake kunakuwa kulia kwako. Punguza kasi ya video hadi 0.75 ya kawaida kwanza. Kuongoza na kufuata hakufundishiki kwa simu, kwa hiyo kusanya wenzako wanne au watano, mwombe mshauri wa wanafunzi chumba cha jioni moja kwa wiki. Raba zenye soli ya mpira mziache nje: soli inang'ang'ania sakafu mwili ukizunguka, na goti ndilo linaloumia. Viatu vya soli ya ngozi, hata vya mtumba, vinatosha.