Nyati hasukumwi, hupenywa

SWALI: Nina kibali cha kuwinda nyati dume. Nimezoea bunduki ya .308 (upana wa risasi kwa inchi). Wenzangu wanasema .375 H&H haimwangushi nyati, kwamba nichukue .458. Wana haki?

JIBU: Chukua .375. Nchi nyingi za Afrika zimeiweka kuwa kiwango cha chini kisheria kwa wanyama hatari, na imekuwa ikiifanya kazi hiyo tangu 1912.

Kinachonikera ni hilo neno "kumwangusha". Nalisikia kila msimu, na wapo wanaouza bunduki kwa neno hilo tu. Hebu tupige hesabu. Risasi ya .375 ina uzito wa gramu 19.4 na hutoka mtutuni kwa mita 770 hivi kwa sekunde. Ikinasa yote ndani ya nyati wa kilo 700, inamsukuma kwa sentimita 2 kwa sekunde. Ile ya .458, gramu 32.4, inafikisha karibu sentimita 3. Huko ndiko kuangusha? Nyati hufa kwa sababu risasi imepita ngozi na mfupa wa bega ikapasua moyo au mapafu yote mawili. Akidondoka papo hapo, ubongo au uti wa mgongo umeguswa.

Kwa hiyo fedha zako ziweke kwenye risasi zenyewe. Risasi laini za kuwindia swala huchanua (ncha hupanuka zikigonga) mapema na kusambaratika kwenye bega la nyati. Tafuta ya shaba tupu, au ambayo gamba lake limeshikamana na madini ya risasi yaliyo ndani. Za kufuatia ziwe ngumu zisizochanua, maana nyati aliyekwisha kupigwa hukimbia akikupa mgongo, na risasi ina mwili mrefu wa kupita.

Kisha fanya mazoezi ukiwa umesimama. Bunduki inayokuumiza bega inakufundisha kufumba macho kabla ya kufyatua, na .458 huwafundisha wengi. Nyati aliyepigwa tumboni kwa .458 bado atafuatwa vichakani, na anayetangulia ni msoma nyayo.

Wabaya zaidi ni wanaokujazia risasi kwa mkono na kukuongezea baruti kwa kukisia "iwe kali". Joto la jua hupandisha shinikizo la gesi zaidi, ganda tupu linanasa kwenye chemba, na risasi ya pili haiingii. Risasi ya .416 Rigby ya 1911 ilipewa ganda kubwa lenye shinikizo dogo ili ganda litoke kwa urahisi hata kwenye joto. Risasi iliyojazwa na mtu asiyeweza kukuambia ametumia baruti gani na kiasi gani, usiitie kwenye bunduki yako.