Maswali na majibu: Nimpe fundi asafishe data za mashimo yangu?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mjiolojia kwenye kampuni ndogo ya utafutaji dhahabu huku Geita. Tuna mashimo 84 ya RC na daimondi (njia mbili za kuchoronga mwamba), tuliyochoronga kwa misimu mitatu, na data zote ziko kwenye mafaili ya Excel, kila mtu na lake. Nikizifungua kwenye programu ya 3D, mashimo mawili yanapaa angani, saba yamekaa karibu mita 300 kusini mwa mahali yanapotakiwa kuwa, na programu inanionyesha makosa zaidi ya 200: vina vinavyopandana, namba za sampuli zilizojirudia. Amekuja fundi anasema atatuhamishia kila kitu kwenye kanzidata (database) na kusafisha makosa yote kwa siku tatu. Bosi ameshakubali bei, anasubiri mimi nisaini upande wa jiolojia. Nisaini? Na tununue programu ipi? (Msomaji, Geita)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usisaini.

Yale mawili yanayopaa hayahitaji fundi. Mtu aliandika mwinamo (pembe ya shimo) 60 badala ya -60, na programu yako inahesabu kuwa hasi ndiyo kwenda chini. Yale saba nayo yana harufu ninayoijua: midomo yake ilipimwa kwa GPS ya mkononi iliyowekwa WGS84, mfumo wa ramani wa dunia nzima, wakati mengine 77 alikuja kuyapima mpimaji kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa ramani za huku kwetu. Zoni ya UTM (kipande cha gridi ya ramani) ni ileile, 36 kusini, na namba kwa macho zinafanana, lakini huku kwetu mifumo hiyo miwili inapishana kama mita 300 kaskazini-kusini. Pamoja na hayo, usiyasogeze kwa sababu mimi nimesema. Chukua GPS, nenda kasimame kwenye bomba la shimo mojawapo, soma kwa mifumo yote miwili, kisha linganisha na daftari la siku ile. Ikilingana, rekebisha, na andika nani karekebisha, lini, na kwa ushahidi gani.

Sasa nije kwenye neno linalonikera. Kusafisha.

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza swali kama lako, na neno hilo halikosekani. Watu wameaminishwa kwamba kanzidata ni mashine ya kufulia, unatumbukiza Excel chafu huku, inatoka data nyeupe kule. Kanzidata haijui kufua. Ni mlinzi wa getini, kazi yake kukataa. Unaiambia: sampuli isiingie kama shimo lake halimo kwenye jedwali la midomo ya mashimo, namba ya sampuli isiingie mara mbili, kina cha kuanzia kisizidi cha kuishia, na cha kuishia kisivuke mwisho wa shimo. Baada ya hapo, ukileta kitu kinachovunja sheria, inakurudisha. Kwa nini kimevunjika haijui, na jibu sahihi ni lipi haijui. Hilo liko kwenye karatasi za uwandani.

Nikupe shimo moja nililoliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua data za mradi mmoja wa Kanda ya Ziwa, jina nitaliacha. Fundi alikuwa ameshapita. Faili limenyooka, kosa hakuna hata moja, na hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi, maana sijawahi kuona mashimo mengi kiasi kile yasiyo na kosa. Nikaomba karatasi za uwandani. Tukaketi sakafuni na kijana wa banda la kore (ule mche wa mwamba unaotoka kwenye bomba la daimondi), tukafungua makaratasi yaliyogandana kwa matope, moja baada ya jingine.

Kwenye shimo hilo, mita 37 hadi 38, mjiolojia alikuwa ameandika kwa penseli pembeni: kore imepotea, hakuna sampuli. Aliyeingiza kwenye Excel hakuliona. Alishika kona ya kisanduku akaburuta chini, namba zikajipanga zenyewe, na ile mita isiyo na sampuli ikapewa namba ya mfuko wa mita iliyofuata. Kuanzia hapo hadi mwisho wa shimo, majibu yote ya maabara yakawa yamepanda mita moja.

Unajua kwamba katika kila kundi la sampuli tunachomeka sampuli tupu, jiwe tunalojua halina dhahabu, ili tuibane maabara. Kwa mburuto ule, mstari wa sampuli tupu ukaangukiwa na jibu la mfuko wa jirani, gramu 4.10 kwa tani. Mita ya kwatzi na pairaiti, mawe ambayo huku hutarajiwa kubeba dhahabu, iliyokuwa juu yake ikapokea jibu la sampuli tupu, <0.01. Na kule chini, namba ya mwisho ya shimo ikagongana na namba ya mfuko wa kwanza wa shimo lililofuata. Yaani shimo lilipiga kelele sehemu mbili. Fundi alifanyaje? Ile 4.10 aliifuta akaandika 0.01, kwa hoja kwamba sampuli tupu haiwezi kuwa na dhahabu. Namba iliyojirudia aliibonyezea kitufe cha Excel cha kuondoa marudio, mstari mmoja ukatoweka. Kelele zikaisha, mita moja ya uongo ikabaki, na sasa hakuna alama yoyote ya kumwonyesha anayekuja baadaye.

Kanzidata yenye sheria moja tu, namba ya sampuli isijirudie, ingeikataa ile namba siku ileile ya kuingiza, mwingizaji bado ana karatasi mkononi na mjiolojia bado yuko kambini anakula. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Kwa hiyo yale makosa 200 yanayokutia aibu mbele ya bosi ni mali yako. Kila moja ni mahali ambapo karatasi na kompyuta zilitofautiana, na limebaki wazi ili ulifuatilie. Mtu anayeahidi kuyamaliza kwa siku tatu bila kuomba karatasi hata moja atayamaliza kwa njia mbili tu anazoweza: kufuta mistari na kubuni namba. Muulize kama ameomba vyeti vya maabara. Najua jibu.

Kuna mambo mengine mafundi hawa huyaharibu kimyakimya. Alama ya <0.01 haimaanishi sifuri; maana yake ni kwamba maabara imeshindwa kuona chini ya hapo. Wengi wetu hutunza jibu kama lilivyokuja, halafu kwenye safu nyingine ya hesabu tunaweka nusu yake, 0.005. Kisanduku kitupu kina maana tofauti kabisa: hakuna aliyepima. Fundi akijaza sifuri kwenye vitupu vyote, mita ambazo hamkuzichukulia sampuli zitaingia kwenye makadirio kama mwamba usio na kitu. Halafu kuna wale wanaotumia -99 kwa maana ya "haikupimwa". Mtu akisahau akapiga wastani, mgodi mzima unakuwa na dhahabu hasi. Nimeshaletewa wastani wa namna hiyo kwenye slaidi za mkutano, na mtu anauelezea kwa kujiamini.

Na kama mashimo yenu yana majina ya aina ya MAR12, kimbia kaangalie sasa hivi, Excel inaweza kuwa imeshayageuza tarehe. Si nyinyi peke yenu. Mwaka 2020 wanaosimamia majina ya jeni za binadamu waliamua kubadilisha majina rasmi ya jeni kadhaa kwa sababu hiyohiyo, baada ya kuchoshwa na Excel.

Programu ipi? Kwa mashimo 84, swali hilo ni dogo kuliko unavyodhani. PostgreSQL, programu ya kanzidata, ni ya bure na itabeba mashimo mengi kuliko mtakayochoronga maishani. Hata Access ya Microsoft itatosha kwa sasa. Zile programu kubwa za migodini ni nzuri mkiwa na rigi (mitambo ya kuchoronga) nyingi na watu wengi wanaoingiza data kwa wakati mmoja, na pia mkiwa na mtu wa kuzisimamia kila siku. Kununua programu bila huyo mtu ni kununua gari bila dereva. Teua mmoja kati yenu, yeye peke yake awe na ruhusa ya kubadilisha kilichokwisha kuingia. Wengine wasome tu.

Jambo ambalo hukuliuliza, lakini uko Geita kwa hiyo nalisema: vipimo vya mwelekeo ndani ya shimo. Mna miamba ya chuma yenye matabaka, ina sumaku, na kifaa kinachotegemea dira kikipita humo kinapotoka. Utaona uelekeo umeruka nyuzi 15 kati ya vipimo viwili halafu umerudi. Bomba la chuma halipindi hivyo. Fundi wa kusafisha atalainisha mstari upendeze kwenye skrini. Wewe angalia nguvu ya sumaku ambayo kifaa kimerekodi pembeni ya kila kipimo. Ikiwa nje ya kawaida, kiache kipimo kama kilivyo, kiwekee alama ya kutotumika, na kama mashimo bado yako wazi pimeni upya kwa jairo, kifaa cha mwelekeo kisichotumia dira, ambacho hakijali sumaku.

Siku hizi wameongeza jina jipya. Wanakuja na akili bandia ya kujaza mapengo, eti inatabiri jibu la mita isiyopimwa kutokana na majirani zake. Kukadiria kutoka kwa majirani ni kazi halali, tunaifanya kila siku kwenye modeli, na inaitwa makadirio. Ukiiingiza kwenye jedwali la majibu ya maabara, bila alama, umetengeneza jibu la maabara ambalo hakuna maabara iliyolitoa. Kwenye fani yetu kitendo hicho kina jina baya sana, hata kama aliyekifanya ni kompyuta.

Wote tunaijua Bre-X, kampuni ya utafutaji dhahabu, kule Busang, Indonesia, iliyoporomoka mwaka 1997 baada ya kugundulika kwamba sampuli zilitiwa dhahabu. Watu hukumbuka wizi. Mimi hukumbuka kwamba kore karibu yote ilisagwa, haikubaki nusu ya kurudi kuipima. Namba zilikuwepo, tena nyingi na za kuvutia, lakini nyuma yake hapakuwa na kitu cha kushika. Data "zilizosafishwa" bila karatasi ziko hivyohivyo, ingawa aliyezisafisha hakuwa na nia mbaya. Siku mtakapomleta mtaalamu wa kutangaza rasilimali kwa kanuni za JORC za 2012 (kanuni za Australia za kutangaza rasilimali za madini), ataulizwa waziwazi ni hatua gani zilichukuliwa kuhakikisha data hazikuharibika kati ya kukusanywa na kutumika. Atakugeukia wewe. Utamwonyesha risiti ya siku tatu?

Fanya hivi. Iandikie maabara leo, omba wakutumie upya majibu ya kazi zote za misimu mitatu, faili la kompyuta na cheti kilichosainiwa, na hayo ndiyo yaingie kwenye kanzidata moja kwa moja bila mtu kuchapa. Makaratasi ya uwandani yapigwe picha yote kabla mvua na mchwa hawajayafikia. Mafaili ya Excel ya sasa yafungwe yasiguswe. Kisha pitia yale makosa moja moja, shimo kwa shimo. Likikosa karatasi, liache wazi na alama yake. Kwa watu wawili nakadiria wiki sita, na bosi mpe hesabu hiyo mapema kabla fundi hajalipwa malipo ya awali. Anza na namba za sampuli zilizojirudia. Kwenye kila moja, panda juu ndani ya shimo lake hadi ukute mita ambayo mtu ameandika kitu kwa penseli.