Kurusha nakala ya ndege za kwanza Nairobi: piga hesabu ya hewa kabla ya kununua mbao

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuunda nakala ya ndege ya 1903 ya akina Wright, wale ndugu wawili Wamarekani, uifunge injini ya bodaboda, kisha uirushe hapa Nairobi. Nimo katika kikundi kilichounda nakala ya Blériot XI, ile iliyovuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza tarehe 25 Julai 1909, na huwa tunairusha upande wa Kajiado. Ya akina Wright kuiunda utaweza. Kuirusha hapa ikiwa vilevile ilivyokuwa, hapana, na kinachokuzuia ni hewa.

Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya baridi hewa yetu huwa nyepesi kuliko hewa ya kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari kwa asilimia 17 hivi, na jua la saa saba likiwaka tofauti hupita asilimia 20. Bawa linakosa pa kuegemea, propela inakosa cha kusukuma, injini nayo inakosa hewa ya kuchomea petroli. Hasara zote tatu zinakupata kwa pamoja.

Sasa mtazame Orville Wright. Tarehe 17 Desemba 1903 alipaa karibu na Kitty Hawk, Marekani, ufukweni kabisa, siku ya baridi kali, akiukabili upepo wa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Hata hivyo safari ya kwanza ilikuwa sekunde 12, mita 36 na kidogo. Mwaka uliofuata wakahamia malisho yaliyo karibu na Dayton, mita 250 hivi juu ya bahari, ambako upepo ni haba. Ndege yao mpya ikawasumbua kuondoka chini mpaka wakasimamisha mnara wa kudondosha uzito ili kamba iivute. Mita 250 tu! Na siku ya kuadhimisha miaka 100, mwaka 2003, nakala iliyoundwa kwa uangalifu mkubwa ilijaribu palepale karibu na Kitty Hawk mbele ya umati. Mvua ilinyesha, upepo ukawa dhaifu, ndege haikupaa.

Kuhusu injini, umesema kweli kwamba boda ya cc 150 hutoa nguvu za farasi 12 hivi, sawa na ile waliyoundiwa na fundi wao Charlie Taylor. Lakini ya boda huzitoa ikizunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika. Ya kwao ilizunguka kama mara 1,000, na minyororo ikapunguza mwendo hadi mizunguko 350 hivi kwenye propela mbili, kila moja ya mita 2.6. Propela kubwa inayozunguka polepole husukuma hewa nyingi kwa nguvu kidogo. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote, na watu huipita wakikimbilia mabawa. Ukifunga propela fupi moja kwa moja kwenye injini ya boda utapata kelele. Hata ukiweka gia za kupunguza mwendo, toa moja ya tano kwa sababu ya Nairobi, kisha uinue karibu kilo 340 za ndege na rubani.

Halafu ile ndege ni ngumu kuiongoza. Bawa dogo la kuinua pua liko mbele, na pua haitulii. Nakala kamili ilipimwa mwaka 1999 katika handaki la upepo (ambamo hewa hupulizwa kwa kasi kuipima ndege iliyofungwa) la NASA, shirika la anga la Marekani, kule California, na vipimo vikathibitisha hivyo.

Chukua Blériot. Mkia uko nyuma, mabawa ni safu moja tu, umbo lake linaeleweka. Injini yake ya Anzani ilikuwa na nguvu za farasi 25; sisi tulifunga ya Volkswagen ya Beetle ya cc 1600, ambayo mafundi wa hapa wanaijua. Wapo watakaosema hiyo si nakala tena. Nawaheshimu, ila nina msimamo: badilisha injini, usiguse namna ya kuigeuza ndege. Blériot haina vibawa vya pembeni. Waya huyapinda mabawa yenyewe. Unavuta, unasubiri, ndipo inaanza kulala upande. Ndani ya kusubiri huko unawaelewa marubani wa 1909 kuliko kwa picha yoyote.

Kwa boriti za bawa nunua mbao zenye nyuzi zilizonyooka, zisizo na kifundo hata kimoja, hata kama zitaagizwa nje. Kitambaa si shida. Akina Wright wenyewe walitumia amerikani tupu.

Kabla ya yote hayo nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ukiwa na michoro, na uwe na leseni ya urubani. Wilson penyewe usipafikirie, pana ndege nyingi mno. Tafuta kiwanja kirefu, chenye tambarare mbele yake, na ufanye majaribio alfajiri kabla hewa haijapata joto.

Ukishachagua injini, niandikie uzito wake na kipenyo cha propela, tupige hesabu pamoja.