Hati ya Word ikivurugika Google Docs, kosa liko wapi?

Barua na fomu za kikundi chetu nimezichapa vizuri kwa Word. Nikizifungua Google Docs saini zinahama na ukurasa wa pili unaanzia katikati. Google wana tatizo gani?

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Fomu uliyonitumia nimeifungua kwenye Word, nikabonyeza Ctrl, Shift na 8 ili alama zilizofichika zionekane. Kati ya "Mwenyekiti" na "Katibu" nukta zimejipanga kama siafu, na kila nukta ni spesi moja uliyoipiga kwa kidole. Mwisho wa ukurasa wa kwanza kuna enta kumi na moja mfululizo, za kuusukuma ukurasa wa pili ushuke.

Word hutumia fonti, yaani miundo ya herufi, zilizomo kwenye kompyuta yako. Google Docs ina fonti zake, na ikiikosa yako huweka nyingine. Herufi zikinenepa kidogo tu, spesi zako hazitui tena pale zilipokuwa zinatua. Kwa hiyo rekebisha kwenye Word kabla ya kuhamisha: saini ziingie kwenye jedwali la safu wima mbili lililoondolewa mistari, ukurasa mpya uanze kwa Ctrl na Enta, na vichwa vya habari vipewe staili za vichwa, si kukoleza wino na kukuza herufi. Swali hili naletewa kila mara na watu walewale wanaochapa kwa mtindo uleule. Jamani, tuache kupanga kurasa kwa spesi!

Nikishapakia faili kwenye Drive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Google, tayari imekuwa Google Docs?

Hapana. Ukiona .DOCX pembeni ya jina, bado unahariri faili ya Word. Nenda menyu ya Faili, uchague kuihifadhi kama Google Docs. Utapata nakala ya pili na ile ya kwanza itabaki palepale, basi ibadilishe jina mara moja, la sivyo katibu atajaza hii na mhazini ajaze ile.

Hati yangu ina neno la siri.

Liondoe kwenye Word kwanza, ndipo upakie.

Mwalimu, nipo kwenye tasnifu. Nikihamia Google Docs, maoni ya msimamizi wangu yatapotea?

Hayapotei. Maoni yanakuja, na masahihisho aliyofanya kwa kufuatilia mabadiliko yanageuka mapendekezo ya kukubali au kukataa. Makro, zile amri za kujiendesha zilizowekwa ndani ya Word, ndizo haziji. Ninachokihofia mimi hukukiuliza: marejeo. Kama uliyaweka kwa Zotero, programu ya kupanga marejeo, ukipakia faili hivihivi yanabaki maandishi makavu yasiyojisasisha tena. Zotero yenyewe ina njia ya kuihamisha hati kwenda programu nyingine, pitia hiyo. Na kama umebakiza mwezi mmoja kukabidhi, mdogo wangu, baki Word umalize.

Naweza kuweka kiungo kwenye grupu la WhatsApp ili wote tuhariri?

Usithubutu. Kiungo cha kuhariri kwa yeyote aliye nacho maana yake ni hata mtoto anayechezea simu ya mzazi wake anaweza kufuta katiba ya kikundi. Wape haki ya kuhariri wawili au watatu kwa barua pepe zao, wengine wasome tu. Kama uharibifu umeshatokea, fungua historia ya matoleo na urudishe lile la kabla.

Na nyie mnaohamishia hati steshenari, tokeni kwenye akaunti kabla ya kunyanyuka kitini. Mimi niliwahi kusahau. Nilikumbuka nikiwa kwenye daladala, na barua zangu zote zilikuwa wazi mbele ya mteja aliyefuata. Likikupata hilo, usisubiri kesho: kwa simu yako ingia mipangilio ya akaunti ya Google, sehemu ya usalama, tafuta orodha ya vifaa, uiondoe kompyuta ile.