Lenzi za fokasi laini mnadani: kagua kwanza kinacholeta ulaini

SWALI: Habari za kazi, fundi. Ninapiga picha za watu kwa kamera ya kukunja ya inchi 4×5. Ubao wake wa lenzi (kibao kinachoshika lenzi mbele ya kamera) ni wa aina ya Linhof, na mvukuto, ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na filamu, unafunguka hadi milimita 380 hivi. Kwenye mnada wa mtandaoni nimeona lenzi mbili za fokasi laini, zile zinazoipa picha mng’ao laini. Moja ni Wollensak Verito ya inchi 14½, ambayo muuzaji ameandika “kioo safi kwa umri wake, haijajaribiwa”. Nyingine ni Rodenstock Imagon ya milimita 300, lakini haina visahani vyake vya matundu. Ipi niipandie dau, na niulize nini kabla?

JIBU: Verito hiyo iache, hata kama kioo chake kinang’aa kama kimetoka kiwandani jana. Haiingii kwenye kamera yako. Inchi 14½, yaani urefu wake wa fokasi, ni karibu milimita 368, na kwa upenyo wa f/4 (tundu la mwanga lenye robo ya urefu huo) kioo chake kina kipenyo cha takriban milimita 92. Ubao wako una upana wa milimita 96 tu, kwa hiyo hakuna mahali pa kupitisha lenzi hiyo na bado ibaki nafasi ya pete ya kuifungia. Hata ungepata ubao mkubwa zaidi, ukimkalisha mtu mita mbili kutoka kwenye lenzi, mvukuto utatakiwa kufunguka kama milimita 450. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha urefu wa fokasi kwa umbali wa mtu, kisha gawanya kwa umbali huo uliotolewa urefu wa fokasi. Ifanye hesabu hii kabla hujasoma hata mstari mmoja wa maelezo ya muuzaji. Lenzi nyingi kubwa hurudi mnadani kwa sababu aliyenunua aliifanya baada ya kulipa.

Kama moyo wako uko kwa Verito, zipo ndogo. Ile ya inchi 8¾ ina kioo cha milimita 56 hivi, na kwa mtu aliye mita mbili inahitaji mvukuto wa milimita 250. Kwa filamu ya 4×5 huo ni urefu mzuri wa picha ya kichwa na mabega.

Imagon ya milimita 300 inaingia, kwa sababu kwa umbali huohuo inataka kama milimita 353. Tatizo lake ni hivyo visahani, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapofanya makosa. Wanahesabu mikwaruzo ya kioo, wanasahau kuuliza kama kile kinachotengeneza ulaini kimo kwenye sanduku.

Katika lenzi ya fokasi laini, miale inayopita pembezoni mwa kioo hukutana mahali tofauti na inayopita katikati. Ya katikati huchora umbo kali, ya pembezoni hulifunika umbo hilo kwa mng’ao. Ubora wa lenzi hizi uko katika uwezo wa kuamua mng’ao uwe kiasi gani, na kila mtengenezaji alitafuta njia yake. Wollensak waliuachia upenyo kazi hiyo: Verito ikiwa wazi kwenye f/4 inang’aa sana, ukiubana hadi f/8 imekuwa karibu lenzi ya kawaida. J. H. Dallmeyer wa London, kwa hataza yake ya mwaka 1866, alifanya sehemu ya nyuma ya lenzi izungushwe ili vioo viachane kidogo na ulaini uongezeke. Imagon, iliyotokana na kazi ya mpiga picha Heinrich Kühn na mtaalamu wa lenzi Franz Staeble, inatumia kisahani chenye tundu kubwa katikati na vitundu vidogo kulizunguka. Ukikizungusha, vitundu vinafunguka au kufunga, yaani unaongeza au kupunguza miale ya pembezoni huku ya katikati ikibaki ilivyo.

Bila visahani, Imagon ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja. Ikiwa imefungwa kwenye shata (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga) yenye upenyo wake, utaweza kuubana, lakini upenyo wa kawaida unaanza kukata miale ya pembezoni, ambayo ndiyo uliyoilipia. Mng’ao unakufa kabla hujapata mchanganyiko wenyewe. Unaweza kukata kisahani cha kadibodi nyeusi, na kinafanya kazi, ila utakuwa na kiwango kimoja cha ulaini kwa kila kadibodi. Lenzi ya Leitz Thambar ya 1935 nayo hupoteza sehemu ya ulaini wake ikikosa kichujio chake chenye doa katikati.

Kwa hiyo kabla ya dau lolote, mwandikie muuzaji aseme kwa maneno yake ni vifaa gani vinakuja na lenzi. Aseme pia kama pete ya kufungia ipo. Pete hiyo inaonekana kitu kidogo, lakini uzi wake ni wa kipimo cha mtengenezaji, na kuchongesha nyingine kwa fundi wa mashine kunaweza kugharimu kuliko ulivyodhani. Aseme kama kuna shata na kama inafunga yenyewe. Lenzi isiyo na shata si mbaya, mradi ujue kwamba kamera yako haina ya kwake na utakuwa unafungua na kufunga kwa kifuniko cha mkononi, jambo linalowezekana kwa filamu ya kasi ndogo na mtu anayejua kutulia.

Kisha omba picha tatu ambazo wauzaji wachache huziweka bila kuombwa. Ya kwanza, kurunzi ikimulika kwa mshazari kutoka nyuma ya kioo: hapo ukungu na kuvu havijifichi. Ya pili, upenyo ukiwa wazi kabisa, halafu umebanwa. Ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haihitaji kamera. Muuzaji asimame ndani ya chumba akiielekeza lenzi dirishani, ashike karatasi nyeupe nyuma yake, asogeze mpaka dirisha lionekane kwenye karatasi, apige picha hiyo kwa simu lenzi ikiwa wazi, kisha arudie ikiwa imebanwa. Kwa Verito nzuri, picha ya kwanza inakuwa na mng’ao unaozunguka mistari ya dirisha na ya pili inatulia.

Jaribio hilo linatenganisha vitu viwili ambavyo wauzaji huvichanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Ukungu ndani ya lenzi nao hulainisha picha, ila hulainisha kila kitu sawasawa na kufifisha weusi wote, na ukibana upenyo hauondoki. Lenzi yoyote chakavu inaweza kuuzwa kwa jina la “ndoto” kwa njia hiyo. Mwenye ulaini wa ukungu ana lenzi chafu tu.

Kuhusu kasoro nyingine, usiogope mikwaruzo myepesi ya kusafishia kwenye kioo cha mbele; kwenye lenzi iliyokusudiwa kulainisha, madhara yake ni madogo, na bei inaposhuka kwa sababu yake unafaidika wewe. Gundi ya balsamu iliyoachia inataka uangalifu zaidi. Utaiona kama rangi za upinde wa mvua au ukingo wa fedha kati ya vioo vilivyogandishwa. Inarekebishika, lakini si kazi ya jikoni. Kuvu iliyokwisha kula kioo hairekebishiki. Na kwenye Dallmeyer, ukisoma kwamba “sehemu ya nyuma imelegea”, uliza vizuri: pengine ndicho kile kifaa cha ulaini, na muuzaji hajui anauza nini. Hiyo ni habari njema kwako.

Neno “adimu” lipuuze. “Lenzi ya picha za watu” lisome kwa shaka, kwa sababu lenzi nyingi za shaba za mashine za kuonyesha picha ukutani huuzwa kwa jina hilo. Nyingi kati yake ni za muundo wa Petzval: katikati kali, pembeni kama kizunguzungu. Zina wapenzi wake, ila ulaini wa Verito au Imagon hutaupata humo. Dalili moja ni bomba lisilo na upenyo wala tundu la kuchomekea vibamba vya upenyo. Na “haijajaribiwa”, kwa muuzaji anayeuza vifaa vya picha kila siku, mimi huisoma kama “nimejaribu na sikupenda nilichoona”. Kwa mtu anayeuza vitu vya urithi inaweza kuwa kweli tupu.

Bei itafute kwenye minada iliyokwisha kufungwa. Bei inayoombwa na mtu ambaye lenzi yake imekaa miezi bila mnunuzi haikuambii kitu. Toa kwenye bei ya minada iliyofungwa gharama ya kutengeneza kinachokosekana, toa usafiri, ushuru wa forodha na ada ya mnada kama ipo. Kinachobaki ndicho kikomo chako. Kiweke mara moja, dakika za mwisho, kisha ufunge ukurasa. Kupanda kidogokidogo tangu siku ya kwanza kunawaonyesha wengine kwamba kuna mtu anayeitaka, na kunampa nafasi muuzaji asiye mwaminifu kupandikiza madau ya rafiki zake.

Kwa Imagon yako, tafuta kwanza bei ambayo zenye visahani vyote zimeuzwa. Iliyokosa vyote mimi singeilipia hata nusu ya hapo, na ningengoja kamili ya milimita 200 au 250, ambayo kwa filamu ya 4×5 itakaa vizuri zaidi na mvukuto wako. Ukishinda yoyote, mwombe muuzaji aitoe lenzi kwenye ubao wake kabla ya kufungasha na avifungie visahani peke yake. Lenzi nzito iliyobaki kwenye ubao inajinyonga kila kifurushi kinapoangushwa, na uzi wa pete ndio unaoharibika kwanza.