Mama yuko Mombasa, nimhesabu kwenye bima ya Marketplace (soko la serikali la bima ya afya Marekani)?

Kaka nimekuelewa, unaendesha Uber huko Columbus, una mke, watoto wawili, binamu analala sebuleni na mama Mombasa unamtumia hela kila mwezi, sasa hujui uandike watu wangapi. Andika wanne, wewe, mkeo na watoto. Hawaangalii nani anakula kwako, wanaangalia nani yuko kwenye fomu yako ya kodi, na mkeo anahesabiwa hata kama ana bima kazini kwake. Mama kama si raia wa Marekani na anaishi Kenya hawezi kuwa mtegemezi wako, inauma lakini ndo hivyo.

Kipato ni kile mnachotarajia mwaka wa bima, chako na cha mkeo, sio cha mwaka jana. Cha Uber toa gharama kwanza, mi naandika maili kwenye kadaftari kanakaa kwenye dashibodi. Kikibadilika ripoti ndani ya siku 30, mi nilinyamaza nikaja kurudisha hela wakati wa kodi, na kuanzia kodi ya mwaka 2026, ile inayojazwa 2027, ruzuku iliyozidi (hela ya serikali inayokupunguzia bei ya bima) unairudisha yote, hakuna tena kikomo. Binamu kama unataka kumweka kama mtegemezi muulize kwanza mtu wa kodi.